Laki sita shule ya bweni: uchukue au usubiri ajira za serikali?

Mdogo wangu umeuliza kama laki sita kwenye shule ya bweni huko Pwani, nyumba na chakula vya shule, ni hela ya kukubali au ukae nyumbani usubiri ajira za serikali. Mimi nimefundisha private muda mrefu, Hesabu na Fizikia, bweni na kutwa, ngoja nikwambie nilichokiona.

Kwanza hiyo laki sita yote huioni. Toa NSSF, mchango wako wa pensheni, asilimia 10 ya upande wako, elfu 60 imeenda. Kwenye 540,000 iliyobaki TRA wanakata kodi kama elfu 24. Na kama ulisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo nao asilimia 15 ya mshahara, elfu 90 hiyo. Mkononi 426,000. Na uwaulize kabisa hiyo laki sita ni kabla ya makato au ndo unayobeba, maana kwenye intavyuu mwenye shule anataja namba tu halafu mwisho wa mwezi ndo mnaanza kuulizana. Usitegemee sheria ikupandishie, kima cha chini cha shule binafsi kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 207,000, kwa hiyo mtu akimlipa mwenye digrii laki tatu kisheria alikuwa sawa tu.

Nyumba na chakula vinasaidia sana, sikatai. Ila ukilala ndani ya geti wewe ndo patroni, wewe ndo prepu ya usiku, mtoto akitapika saa nane usiku mlango unaogongwa ni wako, Jumapili nayo kuna zamu. Sheria ya kazi inasema saa 45 kwa wiki na zikizidi unalipwa mara moja na nusu, mimi sijawahi kumuona huyo mwalimu wa bweni aliyelipwa ovataimu, labda yupo.

Kitu cha kukomalia ni Desemba. Kuna shule mkataba wake unaanza Januari unaisha mwishoni mwa Novemba, yaani likizo ndefu huna mshahara, na Januari unasaini upya kama mgeni. Gawa mwenyewe, laki sita kwa miezi kumi na moja ukiitandaza kwenye kumi na mbili ni 550,000. Shule ya jirani inayotoa 570,000 mwaka mzima inakuzidi na hakuna anayeiona. Na kuna zile za "mshahara ukitoka kwenye ada", mzazi akichelewa kulipa na wewe unachelewa kula, Mei inalipwa Julai, na ukiuliza unaambiwa huna moyo wa kazi. Usimuulize mkuu wa shule hili, kaa na walimu waliopo pale chai saa nne, muulize mmoja pembeni, "mwalimu, mwezi uliopita mmelipwa tarehe ngapi?"

NSSF sasa. Kwenye slipu unakatwa vizuri kabisa, hela haifiki. Nilipokuwa shule moja (siitaji) tulikatwa karibu mwaka mzima, mwenzetu mmoja akaenda ofisi ya NSSF kuangalia michango yake akakuta miezi miwili tu. Pensheni inataka miezi 180 ya michango, kila mwezi aliokula tajiri ni wako umepotea. Kwa hiyo ukianza kazi omba namba ya uanachama mapema na uangalie michango kila baada ya muda, usingoje mpaka unaondoka. Na ujue ukiacha kazi mwenyewe lile fao la kukosa ajira hulipati, lile ni la aliyeachishwa.

Dada zangu mnaosoma hapa, uzazi ni siku 84 na mshahara kamili, mwenye shule anayekwambia "hapa hatuzai mwaka wa mtihani" anajitungia sheria yake. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Ukifukuzwa hovyo una siku 30 tu za kufungua shauri CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ukizubaa ukisubiri huruma zinaisha.

Vyeti orijino usiache ofisini kwao hata kwa dawa. Wanapenda kushika ili ajira zikitoka usiondoke, wape kopi zilizothibitishwa basi. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, wakikuandikia miezi mitatu uliza kabla hujasaini.

Mimi ningekuwa wewe ningeenda, kwa sababu kukaa nyumbani hakukuongezei chochote na maombi ya serikali unatuma hata ukiwa kazini. Ila ningeomba waandike kwenye mkataba miezi 12, tarehe ya mshahara, na posho ya bweni ikae mstari wake hata kama ni elfu 50. Hela ya motisha kwa A za wanafunzi wako kwenye mtihani wa taifa (NECTA) wakikuahidi kwa mdomo usiipigie hesabu. Kama mkataba unao tayari weka hapa, ficha jina la shule, tuusome kipengele cha likizo na cha kuachana.