Shangazi Anajibu: Wivu wa nani, baba?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 38, naishi Mbagala, nina mke na watoto wawili. Mke wangu nilimpata kwenye harakati. Tuko kwenye kikundi kinachotetea wamachinga na mama lishe, tulianza pale walipoondolewa pembezoni mwa barabara mwaka 2021. Kiongozi wetu tunamwita Komredi, mtu aliyejitoa kweli kweli. Tangu mwaka jana mke wangu amemgeuka, anasema anawasumbua mabinti wa kujitolea. Ni kweli Komredi ana utani, wakati wa picha hushika watu viuno, lakini ni mchangamfu kwa wote. Mabinti watatu waliondoka huko nyuma kwa sababu zao. Huyu wa sasa alinyimwa safari ya semina Arusha kwa kukosa ushirikiano, ndiyo chanzo cha yote. Mwezi uliopita mke wangu alisimama kikaoni akasoma jumbe alizotumiwa huyo binti usiku. Komredi aliumia sana. Siku hizi mke wangu anafika nyumbani saa nne, eti anasubiri mabinti wote wapande bajaji, watoto wanalala bila kuoga. Sasa yuko kwa mama yake Temeke, wiki ya tatu, na anasema atamsindikiza binti polisi, Dawati la Jinsia. Komredi anataka yaishe kindugu, ameunda kamati ya watu watatu, na mimi nimo. Ameniomba pia nimpelekee daftari la mihtasari ambalo mke wangu aliliacha kabatini. Nahisi ana wivu, au kuna mtu anamtia maneno. Wanawake wengi hawaziwezi kazi hizi. Harakati ikifa, hata posho yangu ambayo hupitia kwa Komredi itakufa. Nifanye nini arudi na aache kutubomoa?"
Mwanaharakati, Mbagala

Marahaba, baba. Pole kwa wiki tatu za kulala peke yako. Pole ndiyo hiyo, nimeshaitoa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama ulivyotaka isomwe. Ya pili nikashika penseli. Komredi umemtaja kwa jina mara tano, na umeniambia kwamba aliumia sana. Binti hujaniambia ana miaka mingapi, wala kama naye aliumia. Jumbe alizotumiwa usiku zilisomwa kikaoni, wewe ukiwa umekaa hapo, una masikio mawili, lakini zilisemaje hukuandika hata neno. Kalamu yako ilipofika pale iliruka kama mtu anayeruka mfereji.

Wivu, unasema. Wivu wa nani? Komredi ni mume wake? Mwanamke mwenye wivu kikao kikiisha humshika mumewe mkono wakaondoka. Mkeo amebaki barabarani.

Hebu tukae kwanza hapo kwenye bajaji, maana wewe umeiandika kama lalamiko na mimi ndipo penseli yangu ilipovunjika. Sikuwepo kwenye vikao vyenu, ila vya namna hiyo nimevikalia tangu sijaota mvi moja. Mkutano unaisha, giza limeshaingia. Wanaume mnasogea kwa muuza kahawa, mnaendelea kubishana habari za ukombozi na kashata mkononi. Mabinti wanabebanisha viti vya plastiki, wanasuuza vikombe, wanakunja bango. Halafu mtu mmoja mwenye usafiri anasema kwa sauti ya ukarimu: "Huyu njia yetu moja, nitamwacha kwao." Kila wiki njia yao moja, ila binti ndiye anayebadilika. Mwanamke anayeona hayo mara ya kwanza hunyamaza. Mara ya pili huhesabu. Mkeo alihesabu, akaamua kusimama pale chini ya taa mpaka bajaji ya mwisho iondoke, na najua mguu wake ulikuwa unamuuma na watoto wako kichwani mwake. Kikundi kinachojiita cha haki kilikuwa na kazi moja ya ulinzi, ikafanywa na mama wa watoto wawili, bila posho. Wewe unachokumbuka ni kwamba watoto hawakuoga.

Na hao watoto, baba, wana mzazi mmoja? Ndoo ilikuwepo, maji yalikuwepo, mikono yako ilikuwa inafanya nini?

Mabinti watatu waliondoka kwa sababu zao. Kuku mmoja akipotea utasema kicheche. Wakipotea watatu, mwenye banda huacha kuangalia porini akaanza kuwaangalia wa nyumbani. Uliwauliza hao watatu? Mmoja tu? Namba zao unazo, zimo kwenye kundi lenu la WhatsApp, labda waliondolewa.

Sasa neno lako "ushirikiano". Nimelipigia mstari hadi karatasi ikatoboka. Binti amenyimwa safari ya Arusha kwa kukosa ushirikiano. Ushirikiano upi, baba? Hakuhudhuria vikao? Hakuandika ripoti? Au hakujibu ujumbe wa saa sita usiku? Kwa sababu kama ni huo wa tatu, nchi hii ina jina lake, nalo ni rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mtu yeyote mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi, cheo, haki au upendeleo. Hakikusema bosi wa serikali peke yake. Anayegawa safari na posho ana mamlaka, hata kama ofisi yake ni chumba kimoja na feni mbovu. TAKUKURU namba yao ni 113, haikati salio. Na huo unaouita utani, wa viuno na maneno, umo kwenye Kanuni ya Adhabu tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998: kumbughudhi mtu kijinsia, kwa maneno au kwa vitendo, kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Mimi si hakimu, Komredi hajashtakiwa, na huenda ana la kujitetea. Akajitetee huko kunakojitetewa. Mchangamfu kwa wote, eti. Wewe alishakushika kiuno?

Kuhusu hiyo kamati ya kindugu. Mtuhumiwa ameunda kamati, mtuhumiwa ameteua wajumbe, na mjumbe mmojawapo posho yake inapitia mfukoni mwa mtuhumiwa. Hiyo ni harusi, si kamati, na wewe ni mshenga. Wenzenu Uingereza walijaribu mchezo huo. Chama kimoja cha mrengo wa kushoto, Socialist Workers Party, kilipata tuhuma za ubakaji dhidi ya kiongozi wake kikazipeleka kwenye kamati ya ndani, ambayo baadhi ya wajumbe walikuwa wakifahamiana naye vizuri. Kamati ikasema hazikuthibitika. Habari zilipofumuka mwaka 2013 wanachama waliondoka kwa mamia. Nao, kama wewe, walikuwa wakiogopa kwamba mwanamke ataibomoa harakati.

Unasema wanawake wengi hawaziwezi kazi hizi. Ukipanda daladala kwenda mjini unaipita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, unadhani ni jina la bibi aliyekuwa anauza vitumbua? Mwaka 1955 TANU walipotaka wanawake wa mji huu, walimkabidhi yeye sehemu ya wanawake, na yeye mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanza na semina. Alikwenda kwa wanawake wenzake, viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa sababu ndiko watu waliko. Wanawake wa Kariakoo na Ilala walijaza mikutano wakati wanaume wengi, hasa wenye kazi serikalini, wanaogopa kuonekana. Kazi waliiweza. Kinachowashinda wanawake, jana na leo, ni kufanya kazi mkono mmoja ukiwa umeshikilia gauni.

Na hapa niruhusu nitoke kidogo nje ya barua yako, maana naona vijana wengi wanaingia shimo hilo hilo. Siku hizi mnaoana mlikokutana: kwenye semina, kwenye maandamano, kwenye kampeni za usafi. Si vibaya. Kijana anamwona msichana kashika kipaza sauti, anawachana viongozi bila kupepesa jicho, moyo unamwenda mbio, anatuma posa. Mwaka wa tatu wa ndoa anatafuta swichi ya kukizimia kile kipaza sauti. Ulipendea mdomo, sasa mdomo umekuwa kelele. Jumamosi umevaa fulana ya usawa, Jumapili unauliza kwa nini chai imechelewa. Sisi wa zamani angalau hatukudanganyana. Mimi nilichezwa unyago, nikafundishwa kumtunzia mume siri, na nimemtunzia hadi amezikwa. Lakini kungwi wangu, Mzaramo wa watu, Mungu amrehemu, alinikalisha chini siku ya mwisho akaniambia: mume akikuomba unyamaze kwa ajili yake, pima. Akikuomba unyamaze kwa ajili ya mwanamume mwenzake, ujue umeolewa na wawili. Nyie mnaotaka ndoa za kisasa mnadhani kisasa ni kupika kwa gesi. Kisasa ni kwamba mwenzio ana akili zake, na siku moja zitaona kitu ambacho zako zimekataa kukiona, halafu itabidi uchague.

Hata hivyo mkeo naye nina neno naye, asije akadhani Shangazi amempaka mafuta tu. Zile jumbe alizozisoma kikaoni, binti alimruhusu? Kama alimruhusu, mimi sina la kusema. Kama hakumruhusu, basi amemvua nguo mtoto wa watu mara ya pili, tena mbele ya walewale. Akamwombe radhi kabla ya hatua nyingine. Na huko Dawati la Jinsia na Watoto waende ikiwa binti mwenyewe ametaka, mkeo awe wa kumshika mkono, asiwe wa kumvuta. Kama binti bado anaogopa kituo, kuna TGNP, mtandao wa jinsia, pale Mabibo, na kuna TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, ambao wapo tangu mwaka 1987. Wamesikia mengi kuliko hayo na hawatashtuka. Ila wasikae sana. Simu hufutwa, na mashahidi husahau, hasa wenye posho.

Wewe unataka mkeo arudi. Hutampata kwa kunitumia mimi nimnyamazishe. Andika leo kwenye kundi lenu kwamba umejitoa kwenye hiyo kamati, sentensi moja, bila hotuba. Posho itakatika, ndiyo. Utatafuta nyingine, Dar haijaisha. Kisha nenda Temeke. Usiende na wazee, usiende na "tuyamalize". Mpelekee mama mkwe doti ya kanga, ukae pale kwenye mkeka, na useme uliona nini. Mkeo anajua kwamba uliona. Hicho ndicho kimemtoa nyumbani kwako, si Komredi.

Na lile daftari la kabatini. Mihtasari ya vikao, mwandiko wa mkeo, tarehe zote, nani alikuwepo, nani aliacha kuja na lini. Hukuniambia Komredi analitaka la nini, na nadhani hukumuuliza. Lifunge ndani ya zile kanga, umpelekee aliyeliandika. Barua yako ina siku tisa tangu uiandike, sijui kama bado liko kabatini. Kama umeshampa, niandikie tena, ila safari hiyo usianze na shikamoo.