Kadava haina rangi, wadogo zangu

Juzi saa tatu usiku nilipita maktaba ya chuo nikakuta kundi la mwaka wa kwanza limezunguka meza, kila mmoja na kalamu zake za rangi. Ateri nyekundu, vena bluu, neva njano. Michoro inapendeza kama kanga mpya. Spota, ule mtihani wa kutaja sehemu za mifupa na za kadava, yaani maiti ya kusomea, iko wiki mbili mbele na hakuna hata mmoja aliyeshika mfupa. Mifupa imo kabatini, hatua kumi tu kutoka pale walipokaa, na ufunguo anao kiongozi wa darasa, ambaye naye alikuwa amezama anapaka njano.

Nilisimama nyuma yao nikiwa sijui nicheke au nilie, maana mwenye kalamu nzuri kuliko wote chuoni alikuwa mimi. Basi nisikilizeni.

1. Anatomia (mwili ulivyoumbwa) na fiziolojia (unavyofanya kazi) zisomeni siku moja, msizitenganishe. Ukijua kwamba ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, ni mnene karibu mara tatu ya ule wa kulia, halafu hujajiuliza kwa nini, umekariri bure. Ya kulia inasukuma damu mpaka mapafuni, hapo jirani. Ya kushoto inaifikisha mpaka ukuchani mguuni.

2. Msiliamini sana desa la kaka zenu, zile noti za kurithishana. La kwetu lilikuwa limetolewa kopi juu ya kopi mpaka mstari wa mwisho wa ukurasa ukaliwa na mashine, na kwenye mstari huo ndipo ulipokuwa mfupa wa hameti. Darasa zima tukajibu kwamba mifupa ya kifundo cha mkono ni saba. Mkufunzi alikuja na karatasi zetu, akazitupa mezani, akauliza, "Wa nane mmemla?" Hakuna aliyecheka. Saba ni ile ya mguuni, na hata hilo tulikuwa hatulijui.

3. Shikeni. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Muhula wangu wa kwanza, kila siku ya diseksheni, yaani kupasua kadava, nilisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, leso puani. Niliwaambia wenzangu formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inaniumiza macho, na ni kweli ilikuwa inaniumiza, lakini hiyo haikuwa sababu. Niliogopa. Ile mikono ya kadava ilinikumbusha mikono ya babu yangu, na sikumwambia mtu. Wenzangu wanashika, wanavuta, wanabishana, mimi naandika. Usiku narudi bwenini napiga msuli mpaka saa nane, nachora shingo nzima kwa rangi tatu. Wenzangu walikuwa wanaazima michoro yangu! Nikajiona nimetoboa.

Siku ya spota, vituo 20, dakika moja kila kimoja, kengele. Vituo sita vya kwanza vilikuwa mifupa, nikapita. Kituo cha saba, shingo. Wamefunga uzi kwenye kitu kimoja: kitaje. Nikatafuta nyekundu. Wapi! Kila kitu rangi ya nyama iliyochemshwa jana. Kanuni nilikuwa nayo kichwani, ningeweza kuikariri usingizini: ateri ya karotidi upande wa ndani, vena ya jugula ya ndani upande wa nje, neva ya vagasi nyuma katikati yao. Lakini kanuni ile niliijua kwenye karatasi, na karatasi hailali chali ikakugeuzia kichwa. Nikashindwa hata kuona ndani ni wapi na nje ni wapi. Kengele ikalia.

Sikuandika kitu. Nikahamia cha nane, na kwa kiwewe nikajaza jibu la nane kwenye nafasi ya saba. La tisa kwenye ya nane. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Nilipofika kituo cha 20 nikaona nafasi moja imebaki tupu chini, ndipo mikono ikaanza kutetemeka. Nikamwita msimamizi. Akasema, "Kalamu chini."

Nilipata 5 kati ya 20. Hata vile vituo sita vya mwanzo kimoja nilikosa, kwa sababu ya kulia na kushoto, nitakuja huko. Sapu moja kwa moja, yaani kurudia mtihani. Baba akapiga simu kuuliza mbona sirudi likizo na wenzangu. Nikamwambia nimebaki kufanya sapu. Sapu ni nini? Nikamjibu ni mtihani wa nyongeza kwa wanaofanya vizuri. Mzee wa watu akafurahi, akaniombea dua na kunitumia hela ya soda. Ile soda mpaka leo sijaimeza vizuri.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mhudumu wa chumba cha diseksheni, hana cheti chochote cha mambo haya. Alinikuta mlangoni na leso yangu. "Kijana, ingia ushike. Hataamka huyu." Akanishika kidole akakiweka shingoni. "Hii ukiibonyeza inarudi, mpira wa baiskeli. Hii imelala, soksi iliyovuliwa. Hii haina tundu, kamba." Ateri, vena, neva. Dakika tatu. Muhula mzima wa kalamu za rangi ukaishia pale.

4. Kulia ni kulia kwake yeye, si kwako wewe uliyesimama mbele yake.

5. Figo zinachuja kama lita 180 kwa siku na wewe unakojoa moja na nusu. Ukiweza kueleza zile nyingine zimekwenda wapi bila kuchungulia desa, nefroni, kile kichujio kidogo cha figo, umeimaliza.

6. Kwenye spota, ukiruka kituo, chora mstari kwenye nafasi yake kabla hujanyanyua mguu. Mnajua kwa nini.

7. Mwili wako ni maabara ya bure. Jipapase, hesabu mbavu, tafuta mapigo ya moyo nafasi ya tano kati ya mbavu, kushoto. Ila si kwenye daladala. Niliwahi kujipapasa karotidi safarini, mama wa kiti cha pembeni akanipiga ngumi ya mgongo akidhani nimepaliwa.

8. Nendeni buchani mkanunue moyo wa ng'ombe, na mwambieni muuzaji asiupasue, maana mkono wake hausubiri maelezo. Upasueni wenyewe kwa kisu cha jikoni. Mtaziona zile nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali, ile milango ya damu ya moyo. Zivuteni, vali inacheza mbele ya macho yenu. Mkimaliza kaangeni, ndiyo sapu pekee tamu.

Usiku ule maktabani nilimwomba kiongozi wa darasa ufunguo, nikafungua kabati, nikawamwagia mifupa juu ya michoro yao. Wakalalamika rangi zitachafuka. Binti mmoja akaokota fibula, ule mfupa mwembamba wa mguuni, nikamwuliza ya mguu gani. Akaigeuza geuza, akaipachika kwenye mguu wake mwenyewe, chini juu, juu chini, akasema ya kulia, na alikuwa na uhakika kabisa.