Ukienda Alsace na baiskeli, fuata njia ya trekta

Nimekulia Dodoma, kwa hiyo mzabibu haunishangazi. Baba mdogo alikuwa na ekari mbili Mpunguzi, na likizo zetu nyingi ziliishia huko, kufukuza ndege na kubeba makreti. Sasa ni mwaka wa saba naishi Strasbourg, mji wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, na kila nikiweka picha ya baiskeli yangu ikiwa imeegemea nguzo ya shamba la zabibu, maswali hayakosi. Kaka, hiyo ni njia gani? Ina magari? Na mtu asiyekunywa mvinyo anafuata nini huko? Leo nimeamua kujibu yote kwa mkupuo.

Hilo la mwisho nianze nalo: hata mimi sinywi. Sijawahi kuona mkulima wa Alsace aliyekasirika kwa kuwa nimekataa kuonja. Wengine huuza juisi ya zabibu, nami hununua chupa moja na kuifunga nyuma ya siti. Lakini kinachonipeleka kule ni njia zenyewe.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiuliza habari za Alsace utaelekezwa moja kwa moja kwenye Route des Vins, yaani Barabara ya Mvinyo, iliyozinduliwa 1953, kilomita 170 hivi kutoka Marlenheim mpaka Thann, chini ya milima ya Vosges. Jina ni tamu, ila ile ni barabara ya magari. Jumapili ya mwezi wa tano utakuta mabasi ya watalii, pikipiki zinazokwenda kumi kumi, na wazee wanaoendesha nyumba za magurudumu huku wanatazama mandhari. Mimi mara ya kwanza niliifuata nusu siku nzima. Nilirudi na vumbi puani, sikumbuki hata kijiji kimoja.

Pandisha macho kidogo, mita mia mbili au tatu juu ya hiyo barabara, utaona utepe mwembamba wa lami au zege unaopita katikati ya mizabibu. Hiyo ni njia ya wakulima. Mwanzoni mwake mara nyingi kuna kibao kinachokataza magari isipokuwa ya wenye mashamba. Matrekta ya kule ni membamba, yameundwa kupita kati ya mistari, na njia ina upana wa trekta moja tu. Njia rasmi ya baiskeli, Véloroute du Vignoble, hupita humo kwa sehemu kubwa. Ni kipande cha EuroVelo 5, ile njia ndefu inayotoka Canterbury, Uingereza, hadi kusini mwa Italia. Fuata vibao vya kijani na vyeupe vyenye picha ya baiskeli. Vikipotea, na vitapotea, shika njia yoyote ya trekta inayokwenda sambamba na mlima. Huwezi kupotea kweli: mlima uko upande mmoja, bonde la mto Rhine upande wa pili.

Siku moja inatosha kuanzia. Mimi hupanda treni ya mkoa asubuhi, dakika kama 20 hadi Sélestat, kisha naendesha kuelekea kusini: Kintzheim, Saint-Hippolyte, Bergheim, Ribeauvillé, Hunawihr, Riquewihr, Kaysersberg, Turckheim, namalizia Colmar. Ni kilomita 40 na kitu, lakini usizipime kwa zile za barabara tambarare. Kila kijiji kimekaa mdomoni mwa bonde lake, kwa hiyo unapanda, unashuka, unapanda tena. Miinuko ni mifupi na mikali. Uwe na gia nyepesi, na usione haya kushuka na kusukuma.

Ukitoka Kintzheim, tazama juu kulia. Ile ngome nyekundu juu ya kilima ni Haut-Koenigsbourg. Ilikuwa gofu mpaka Kaiser Wilhelm II alipoijenga upya, kati ya 1900 na 1908, maana Alsace ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1871 hadi 1918. Mtanzania ukiisikia miaka hiyo unahesabu mwenyewe. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Ngome inapakwa chokaa huku, kule kwetu kusini vijiji na maghala yanachomwa, na saini ya juu ni ya mtu mmoja. Watu husifia sana ngome ile. Mimi huipita tu, sijawahi kulipa kiingilio.

Baada ya Bergheim ndipo nilipopata ajali yangu, na sababu yake itawahusu wengi wenu. Kule wanaendesha kulia. Barabarani unakumbuka kwa sababu magari yanakukumbusha, lakini njia ya trekta haina magari wala mstari wa katikati, na akili ikichoka inarudi nyumbani. Nilikuwa nashuka, nimeshika kushoto kama niko barabara ya Iringa, na kwenye kona ya ukuta wa mawe nikakutana na trekta uso kwa uso. Nikajitupa kwenye mizabibu. Waya wa kwanza ulinipokea begani. Mzee akazima injini, akateremka, akautazama mzabibu wake kwanza, halafu mimi. Sikumlaumu, baba mdogo angefanya vilevile. Alipoona tawi halikuvunjika, akalibana gurudumu langu la mbele kati ya magoti, akaunyoosha usukani uliopinda, akanionyesha upande wa kulia kwa kidole bila kusema neno. Tangu siku hiyo nimefunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa kulia.

Jambo jingine la kulia: ndani ya vijiji, kwenye makutano yasiyo na kibao, gari linalotoka kulia kwako ndilo linalopita kwanza, hata kama linatoka kwenye kichochoro. Na mawe ya barabara za zamani yakilowa ni sabuni. Punguza mwendo kabla ya kona, usishike breki ndani yake.

Vijiji vyenyewe vinataka saa zake. Riquewihr una mnara wa lango, Dolder, uliojengwa 1291, na nyumba za mbao na udongo zilizopakwa rangi za kila namna. Ukifika saa tano asubuhi utauona mgongo wa mtalii aliye mbele yako, basi. Fika kabla ya saa tatu, wakati wenyeji wanamwagilia maua na gari la mkate linashusha mzigo. Ukichelewa, usiingie, pita juu kwenye mashamba ukitazame kijiji kutoka huko, ni kizuri zaidi. Hunawihr mimi naupenda kuliko Riquewihr. Una kanisa lenye ukuta wa ngome, linalotumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa zamu, na korongo weupe juu ya mapaa. Mwaka 1974 Alsace nzima ilibakiwa na jozi tisa tu za korongo hao. Ukame wa Sahel, wanakokwenda majira ya baridi, uliwamaliza wengi, na nyaya za umeme zikawamaliza wengine. Leo utawasikia wakigonganisha midomo kabla hujawaona.

Mahali ninapowaomba msipapite bila kusimama ni juu ya kijiji cha Sigolsheim, karibu na Kaysersberg. Kupanda ni kugumu, na juu hakuna duka. Kuna makaburi zaidi ya 1,500 ya askari wa jeshi la Ufaransa waliokufa katika vita vya kuikomboa Colmar, majira ya baridi ya 1944 na 1945. Wengi walikuwa Waislamu wa Afrika Kaskazini. Mawe ya makaburi yao yameelekezwa kibla, na juu ya kila jiwe yameandikwa maneno yaleyale kwa Kiarabu: hadha qabru l-marhum. Nilisoma chuoni utotoni, Kiarabu changu ni cha kuungaunga, lakini neno marhum mtu wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Niliiegemeza baiskeli ukutani, nikawasomea Fatiha, na kutoka pale mizabibu inashuka pande zote mpaka kwenye mapaa ya vijiji vilivyobomolewa vita ileile na kujengwa upya.

Chakula. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana maduka mengi ya vijijini hufungwa, na Jumapili mchana ni kama kijiji kimehamwa. Niliwahi kushinda na pakiti moja ya biskuti. Beba tende, karanga na ndizi. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kuagiza: tarte flambée, ule mkate mwembamba wa malai na vitunguu, kwa kawaida huwekwa vipande vya nguruwe hata kama menyu haijasema. Maji si tatizo.

Kuhusu majira, mwezi wa tano na wa sita ni salama, na kama unaweza, nenda siku ya kazi. Milima ya Vosges inazuia mvua inayotoka magharibi, ndiyo maana Colmar hupata milimita 600 hivi tu kwa mwaka, si mbali na Dodoma, na ndiyo maana zabibu zinakubali. Lakini majira hayo wanapuliza dawa. Ukisikia harufu ya salfa, ile ya mikorosho ya Mtwara, na ukaona trekta lenye ukungu nyuma, simama upande unakotoka upepo mpaka limalize. Mwezi wa tisa ni wakati wa kuvuna: njia zina matope, matrekta yanakimbia, na nyigu wamelewa. Vaa miwani. Na zabibu zilizo kando ya njia zina mwenyewe, usichume.

Vifaa havihitaji mbwembwe. Baiskeli yangu niliinunua mkononi, tairi za milimita 32, tyubu ya akiba, pampu, na kiraka cha pancha. Breki ndizo usizozifanyia ubahili. Ukichelewa hadi giza nje ya mji, taa peke yake hazitoshi, sheria inataka na kizibao cha kung'aa.

Kurudi, Colmar ina treni nyingi za kwenda Strasbourg, nusu saa hivi. Tafuta behewa lenye alama ya baiskeli mlangoni, usining'inize baiskeli yenye chupa ya juisi nyuma kama nilivyofanya mimi mara moja, na uombe radhi mapema kwa matope.