Kuzimia kwa Sababu ya Dawa za Presha: Je, Kuacha Dawa Ndiyo Kutawakali?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Mimi ni mama wa miaka 64 na nina maradhi ya presha. Tangu daktari aniongezee kidonge cha kukojosha, kila nikiinuka kutoka sijda macho yanaingia giza. Juzi katika Swala ya Alasiri nilianguka nikazimia, na nilipozinduka nilijikuta shavu liko juu ya msala na miwani imevunjika. Nikainuka nikamalizia rakaa zilizobaki. Mwanangu ananitaka niswali kwenye kiti. Anayetudarsisha anasema dawa ndizo zinazoniangusha, kwa hiyo niziache nimtegemee Mwenyezi Mungu, nisubiri kama yule mwanamke aliyekuwa akianguka zama za Mtume, na kwamba Swala ya kukaa ina nusu ya malipo. Nimeziacha siku ya pili sasa. Nini hukumu yangu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Mama yangu, pole sana. Swali lako nimelitanguliza mbele ya mengine kwa ajili ya sentensi ile kwamba umeacha dawa siku ya pili sasa. Kabla hujaendelea kusoma, wasiliana na daktari wako leo hii umweleze mambo yote mawili, kwamba ulizimia na kwamba umeacha vidonge, kisha yeye ndiye akwambie urudie kipi na kwa kiasi gani. Baadhi ya dawa za presha zikikatwa ghafla, presha hupanda kwa kishindo, na presha iliyopanda namna hiyo inaweza kuleta kiharusi.

Anayekudarsisha amesema kweli katika jambo moja, kwamba huenda dawa ndiyo iliyokuangusha. Mtu anaposimama, damu huteremkia miguuni, na mwili hukaza mishipa na kuharakisha moyo ili damu ifike kichwani. Dawa za kukojosha hupunguza maji mwilini, nyingine hulegeza mishipa, na kazi hiyo ikachelewa. Ikiwa ndani ya dakika 3 za kusimama namba ya juu ya presha imeshuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, madaktari huihesabu kuwa ni kasoro inayohitaji kushughulikiwa. Nawe katika Swala za faradhi pekee huinuka kutoka chini hadi kusimama mara 12 kwa siku. Basi mwombe daktari akupime umelala, kisha akupime umesimama. Huenda akapunguza kipimo, akabadilisha dawa au saa ya kuimeza, na huenda akataka kuukagua moyo pia, kwani si kila kuzimia husababishwa na dawa.

Ama kuijengea kweli hiyo hukumu ya kuacha tiba, huko ni kuteleza kukubwa. Hadithi ya mwanamke yule imo katika Bukhari na Muslim: alimwomba Mtume (swalla Allaahu alayhi wa sallam) amwombee, naye akamhiyarisha kati ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Aliyemhiyarisha ni Mtume mwenyewe, na dhamana ya Pepo ilitoka kinywani mwake; je, huyu anayekuamuru usubiri ana dhamana gani ya kukupa? Tena mwanamke yule hakuambiwa atupe dawa aliyokuwa nayo mkononi. Mtume huyo huyo ndiye aliyewaambia waliomuuliza: “Jitibuni, enyi waja wa Allah,” na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kujitibu ni sunna. Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani, akapata janaba (hali inayolazimu kuoga), wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji), akaoga akafa, Mtume akasema: “Wamemuua, Allah awaue! Kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui?” Namnasihi ndugu yetu huyo aisome Hadithi hiyo kwa utulivu, maana waliolaumiwa nao walidhani wanailinda dini.

Dai la nusu ya malipo nalo limewekwa pasipo pahali pake. Wanavyuoni wameifasiri Hadithi inayotaja nusu hiyo kwa anayeswali sunna akiwa amekaa hali ya kuwa anaweza kusimama. Ama mwenye udhuru, Mtume alimwambia sahaba wake Imran bin Husain, aliyekuwa na bawasiri: “Swali kwa kusimama, usipoweza, kwa kukaa, usipoweza, kwa ubavu.” Mafakihi wa Kishafi wametoa mfano unaokaribiana mno na hali yako: abiria wa chombo cha baharini anayechelea kizunguzungu huswali faradhi amekaa, wala hairudii. Wewe hukuchelea tu, umeanguka.

Hata hivyo usikikimbilie kiti kwa kila nguzo. Ukiweza kusimama mwanzo wa Swala bila giza, simama. Kinachokudhuru ni kule kuinuka, basi baada ya sijda baki umekaa, na rukuu na sijda uzitimize kadiri uwezavyo. Daktari akikutengenezea dawa yako, utarudi kusimama. Na hapo utafaidika na sunna ambayo wengi wetu tunaipita mbio: kikao kifupi cha mapumziko baada ya sijda ya pili, kisha kuinuka kwa kuegemea mikono chini, kama alivyopokea Malik bin Huwayrith katika Bukhari. Kaa kidogo, tuliza kichwa, kisha ndipo uinuke taratibu huku kiti au ukuta uko karibu.

Imebaki Alasiri yako. Kuzimia, hata kwa muda mfupi, kunatengua udhu kwa itifaki ya wanavyuoni, na udhu ukitenguka Swala imebatilika, kwa hiyo rakaa ulizomalizia hazikuhesabika. Mtume mwenyewe katika maradhi yake ya mwisho alizimia mara kadhaa, na kila alipozinduka aliomba maji akakoga kabla ya kuiendea Swala. Kwako udhu unatosha. Huna dhambi, kwa kuwa hukujua. Ilipe Alasiri hiyo moja, na kama uliendelea na udhu huo huo hadi Magharibi, ilipe na hiyo pia, ukiwa umekaa ikihitajika.

Allah akupe shifaa isiyoacha maradhi. Wallaahu a‘lam.