Canter imekunywa maji, sasa inagonga

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Canter (lori dogo la Mitsubishi) ya injini ya 4D33 inayoleta mboga Kariakoo. Mto Msimbazi ulipofurika pale Jangwani, dereva wangu alifuata basi lililotangulia, maji yakafika usawa wa bampa na injini ikazima. Walivuta gari, wakakausha chujio la hewa, wakapiga stata mpaka ikawaka. Tangu siku hiyo inagonga "ko-ko-ko", hasa asubuhi, na inatoa moshi mweupe kwa dakika kama tano. Oili nimebadilisha, haikuwa na maji. Fundi mmoja anasema ni nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, ninunue seti nzima. Mwingine anataka kushusha injini. Nimfuate nani? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Kwa sasa usimfuate yeyote, ndugu. Kwa dalili hizo tunashuku konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) iliyopinda kuliko nozeli, ila jambo hili hupimwa, na vipimo vyenyewe havihitaji kushusha injini. Mpaka uvimalize, gari lisibebe mzigo.

Injini yako ina sentimita za ujazo 4,214, yaani 1,050 na ushee kwa kila silinda. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 60 hivi: vijiko vinne vya chakula. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Silinda ikimeza zaidi ya vijiko hivyo vinne, pistoni inakosa pa kwenda na konrodi ndiyo inayolipa. Mara nyingi haikatiki, inapinda kidogo tu. Injini inawaka na kila mtu anadhani mambo yamekwisha.

Konrodi iliyopinda imekuwa fupi. Pistoni ikipungukiwa milimita 1 tu, katika silinda ya kipenyo cha milimita 108 nafasi ile ya juu inaongezeka kwa sentimita za ujazo 9, na mgandamizo uliokuwa karibu 18 kwa 1 unashuka hadi karibu 16. Injini ikiwa baridi, hewa ya silinda hiyo haipati joto la kuwasha dizeli yote, na dizeli isiyoungua ndiyo moshi wako mweupe wa asubuhi. Ile inayochelewa kushika hulipuka kwa mkupuo mmoja, ikagonga. Tena pistoni inakaa upande na kupiga ukuta wa silinda. Kuhusu oili kuwa safi, hilo halithibitishi kitu: maji ya kwenye silinda huweza kutoka yote kwa ekzosi.

Anza na vya nje, kwa kuwa ni rahisi. Toa mikanda ya feni, washa injini kwa sekunde 30 na usizidishe, maana pampu ya maji haizunguki. Mlio ukiisha, mgonjwa ni beringi ya alteneta au ya pampu ya maji, na umeokoa fedha nyingi. Angalia pia kama mapanga ya feni yamekwaruza rejeta. Yakizunguka ndani ya maji hujivuta mbele. Kisha fungua bomba la hewa upande wa baada ya chujio, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na matope, maji yalifika kwenye injini, hakuna ubishi.

Sasa tafuta silinda yenyewe. Injini ikinguruma polepole, legeza nusu mzunguko nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza, sikiliza, kaza, nenda ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne. Vaa glavu na miwani; dizeli ya presha hupenya ngozi. Ukifika kwenye silinda ambayo mlio unapungua au kubadilika, ndiyo hiyo. Zima injini, hamisha nozeli yake uipeleke silinda nyingine na ya huko uilete hapa, ukiweka washa (pete za kuziba) mpya za shaba. Mlio ukihama pamoja na nozeli, fundi wa kwanza yuko sahihi, ila unanunua moja, si seti. Ukibaki palepale, funga pochi.

Kipimo cha mwisho ndicho tunachokiamini zaidi. Toa nozeli zote nne. Ingiza fimbo nyembamba ya chuma iliyonyooka, yenye urefu wa sentimita 30 hivi isije ikatumbukia, ifuate mwelekeo uleule wa tundu la nozeli. Zungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye puli ya krenki, mpaka pistoni iinue fimbo mwisho wake. Chora alama usawa wa mdomo wa tundu. Rudia kwa silinda zote. Alama zikilingana tatu na moja ikawa juu zaidi kwenye fimbo kwa nusu milimita au zaidi, yaani fimbo ilizama zaidi, konrodi hiyo imepinda. Zikilingana zote na mlio bado upo, tafuta geji ya kompresheni: silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ichunguzwe.

Ikithibitika, usikubali konrodi inyooshwe kwa presi. Weka nyingine ya uzito uleule na beringi mpya za konrodi, ukague pistoni, ringi na krenki. Kwa kawaida inatosha kufungua silinda hedi na sampo (bakuli la oili), injini ikabaki kwenye chesisi. Ukiiacha hivyo, siku moja itakatika na kutoboa bloku, na hapo utanunua injini nzima.

SWALI: Injini ikizima majini, dereva afanye nini palepale? (Msomaji, Kilosa)

JIBU: Asiguse stata. Silinda kavu zikishika moto huisukuma ile yenye maji kwa nguvu zote, na mara nyingi hapo ndipo konrodi inapopinda. Avute gari nchi kavu na kukagua chujio la hewa. Likiwa limelowa, zitolewe nozeli zote, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, ndipo stata ipigwe sekunde tano, dizeli ikiwa imekatwa na watu wakikaa mbali na matundu. Maji yakiisha kuruka, mimina kijiko kimoja cha oili kila silinda, ondoa maji kwenye chujio la dizeli, badilisha oili ya injini, ndipo uwashe.

SWALI: Wiki tatu baada ya kuvuka mto, difu (gia za ekseli ya nyuma) imeanza kulia. Kuna uhusiano? (Msomaji, Ifakara)

JIBU: Upo. Difu ya moto ikizama ghafla, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia au sili. Laza gari usiku kucha, asubuhi legeza kidogo bolti ya chini: maji yakiwepo hutangulia kutoka kabla ya oili. Mwaga yote, jaza oili ya gia namba 90 ya GL-5, zibua tundu la kupumulia. Mlio ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, krauni na pinioni (gia mbili kuu za ndani ya difu) zimeanza kulika. Ukibadilika unapokata kona, fungua habu uangalie beringi.