Maswali ya wasomaji: Tumetoka, tumecheza, tumepiga picha, mbona ofisini bado hatuivi?

SWALI: Habari za kazi mshauri. Mimi ni msimamizi kwenye kampuni ya kusambaza bidhaa, chini yangu kuna watu wa mauzo na watu wa stoo na hawa watu hawaivi kabisa. Mauzo wanasema stoo wazembe, stoo wanasema mauzo wanajifanya mabosi. Nikaomba bajeti tukatoka siku nzima, michezo, muziki, fulana za rangi moja, watu wakacheka wakapiga picha, nikasema haya sasa mambo yamekaa sawa. Jumatatu asubuhi tu wakagombana kwa ajili ya oda moja mpaka nikaitwa kuamua. Nifanye nini zaidi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hongera kwanza kwa kujali maana wasimamizi wengi wanaona ugomvi wa stafu ni tabia za watu tu wanapita zao.

Sasa hebu kumbuka ile siku mliyotoka, watu walikaaje? Mara nyingi mauzo wanakaa na mauzo, stoo na stoo, na kama kwenye michezo mliwagawa kwa idara basi mliwapa uwanja mwingine tu wa kushindana. Mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake walipeleka wavulana 22 kambini, wa umri wa miaka 11 hivi, wakawagawa makundi mawili wakawashindanisha kwa zawadi, na haikuchukua muda chuki ikaingia, wakachomeana bendera, wakavamiana mpaka kwenye vibanda vya kulala. Baadaye watafiti wakataka kuwapatanisha kwa mambo ya raha, wakawaweka pamoja kuangalia sinema na kula, wakaishia kurushiana chakula! Kilichokuja kuwaweka sawa ni shida za pamoja ambazo watafiti wenyewe walizipanga, maji ya kambi yakakatika ikabidi wote watafute tatizo liko wapi, lori la chakula likagoma kuwaka ikabidi wote washike kamba walivute. Na wala haikuwa mara moja, ni kidogo kidogo, ila siku ya kurudi makwao wenyewe wakataka kupanda basi moja. Ni kweli wale walikuwa watoto na watu wengi wamelikosoa jaribio lile kwa jinsi watafiti walivyochochea ugomvi wenyewe, lakini hilo la raha kushindwa na kazi kufaulu mimi naliamini kabisa kwa sababu ndio ulichokiona Jumatatu yako.

Kwa hiyo ugomvi wa oda ndio mahali pa kuanzia. Oda inaharibikia wapi hasa? Nahisi mauzo anamuahidi mteja mzigo kesho bila kujua stoo kuna nini, halafu stoo anapata karatasi jioni anaambiwa fanya haraka, na mteja akilalamika kila mmoja anamsukumia mwenzake. Basi chukua watu wawili watatu wa kila upande, wale wanaofanya kazi yenyewe sio wakuu wa idara peke yao, waambie hili tatizo ni lenu wote mnipe njia ya kulimaliza na mimi nitaifuata. Wakikuletea wazo ambalo wewe usingelichagua, kama halivunji kitu lijaribu hivyo hivyo, maana ukilikataa pale pale umewafundisha kwamba ulikuwa unawapotezea muda. Asubuhi mkutane pande zote kwa dakika chache mkiwa mmesimama, muongee oda za leo tu. Na mtu wa mauzo akashinde stoo siku nzima abebe, ahesabu, aone, na wa stoo naye akakae na mauzo asikie mteja anavyofoka kwenye simu. Hapo ndipo watu wanaanza kuitana majina badala ya kuitana idara.

Halafu kuna jambo wasimamizi wengi hawapendi kuliangalia, bonasi. Kama mauzo wanapata bonasi kwa kila walichouza na stoo hawapati chochote zaidi ya lawama mzigo ukichelewa, ndugu yangu hata muende matembezi kila wiki haitasaidia, kwa sababu mfumo wenyewe unawaambia nyie sio wamoja. Peleka hilo juu. Hata kama hela haitaongezeka, tafuteni kipimo kimoja cha wote, kwa mfano oda ngapi zimefika kwa mteja zikiwa kamili na kwa wakati, hapo hakuna upande utakaoshinda peke yake.

Na jiangalie wewe unafanyaje mtu akikosea. Amy Edmondson, profesa wa Harvard, miaka ya 90 alichunguza timu za hospitali akitegemea timu nzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa, akakuta timu zinazoelewana vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi, na maelezo yake ni kwamba kule watu walikuwa huru kusema nimekosea, wengine walikuwa wanaficha. Ukiwa bosi wa kufoka, mtu wa stoo akikosea kuhesabu atasema ni mauzo, atafanyaje sasa? Siku nyingine oda ikiharibika anza na "ilikuwaje?" kabla hujauliza nani, uone.

SWALI: Mimi ni mtu wa kimya. Kazi nafanya vizuri ila stori za ofisini na kukaa na watu baada ya kazi siviwezi, sasa nasikia wananisema najidai. Ni lazima nijichanganye?

JIBU: Baada ya kazi sio lazima hata kidogo, ule ni muda wako, na niwaambie mabosi wanaosoma hapa, ukifanya umoja wa ofisi ukae kwenye sherehe za jioni umeshawatupa nje wenye watoto wadogo, wanaouguza, wanaokaa mbali, na watu kama wewe dada/kaka uliyeandika. Lakini ndani ya saa za kazi jamii inakuhitaji na wewe unaihitaji, siku ukiugua nani atashika kazi yako kwa moyo? Salimia watu kwa majina yao. Ukiona mwenzako kaelemewa na kazi sema "nipe hiyo nikusaidie", hapo huhitaji stori yoyote. Na uwe na mtu mmoja tu wa karibu, mmoja anatosha, atakuwa anakutetea pale usipokuwepo kwamba huyu hajidai ndivyo alivyo.

SWALI: Timu yetu nusu tunafanyia kazi nyumbani nusu wako ofisini. Grupu letu la WhatsApp ni maagizo tu, nikiingia mkutano wa video nakuta mambo wameshayaamua. Najiona kama kibarua wa nje.

JIBU: Hujakosea, na wala wenzako huenda hawana nia mbaya, umbali ndio unafanya hivyo. Thomas Allen, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alionyesha miaka ya 70 kwamba mainjinia kadiri walivyokaa mbali na wenzao ndivyo walivyoongea kidogo, na kufika kama mita 50 tu mazungumzo ya kazi yalikuwa yameshapungua sana, sasa wewe uko mitaa mingine kabisa. Kwa hiyo kitu ambacho wale wa ofisini wanakipata kwa kupishana kwenye korido nyie lazima mkipange. Omba bosi wako mambo mawili. La kwanza, mkutano ukiwa na hata mtu mmoja wa mbali basi kila mtu aingie na kompyuta yake hata kama wamekaa chumba kimoja, ile ya watu sita kujazana mbele ya kamera moja inawasahaulisha kabisa nyie wengine. La pili, lililoamuliwa kwenye korido halijaamuliwa mpaka liandikwe kwenye grupu na watu wa nyumbani wapewe muda wa kujibu. Na wewe mwenyewe usisubiri mkutano, mpigie mtu wa ofisini mnayefanya naye kazi moja muongee dakika kumi bila ajenda, wiki hii hii anza.