Hifadhidata ipi kwa mfumo wa chama?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Umoja. Mimi na mwenzangu tunatengeneza mfumo wa wavuti wa kuwekea rekodi za vyama vya akiba: michango, faini na mikopo. Wanachama watalipa kwa M-Pesa. Mwenzangu ameshikilia MongoDB, inayoweka data katika hati, anasema ndiyo ya kisasa na kwamba hifadhidata za SQL, zinazoweka data katika majedwali kama MySQL na PostgreSQL, hulemewa watumiaji wakiwa wengi. Mimi chuoni nilifundishwa MySQL, na kuna rafiki anayenisukuma upande wa PostgreSQL. Tuna pesa za kukodi seva moja ndogo. Tuchukue ipi, na tukichagua vibaya tunaweza kuhama?

JIBU: Salamu zimefika, dada. Chukueni PostgreSQL. Kama mnapokodi haipatikani, MySQL itawafaa. MongoDB iwekeni kando kwa kazi hii, ingawa zipo kazi nyingine inazozimudu vizuri sana.

Nianze na hofu ya mwenzako kuhusu wingi wa watu. Tuseme mmepata vyama 200, kila kimoja kina watu 30, na kila mtu anachanga mara moja kwa wiki. Hiyo ni michango 6,000 kwa wiki. Hata wote wakilipa Jumapili alasiri ndani ya saa mbili, haifiki mchango mmoja kwa sekunde. PostgreSQL au MySQL kwenye seva ndogo hazitatoka jasho kwa kazi hiyo. Mkifika mahali pa kulemewa kweli, mtakuwa na pesa za kuajiri mtu wa kulishughulikia. Na kuhusu usasa: Edgar Codd wa IBM alieleza mpangilio wa data katika majedwali mwaka 1970, mizizi ya PostgreSQL ni mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza 1986, na MongoDB ilitoka 2009. M-Pesa yenyewe, iliyoanza 2007, ni kubwa kuliko MongoDB kwa umri, na sijasikia mtu akiikataa kwa uzee.

Kitakachowasumbua ni hesabu zisizolingana, mweka hazina akisimama mbele ya wanachama na simu mkononi. Hapo ndipo uchaguzi wa hifadhidata una maana.

Fuateni mchango mmoja. Mwanachama anabonyeza kitufe cha kulipa, ombi la STK Push linamfikia kwenye simu, anaweka PIN, kisha majibu yanatumwa kwa seva yenu yakiwa na namba ya risiti, ile ya herufi na tarakimu kumi inayokuja pia kwenye SMS. Jengeni mkichukulia kwamba majibu yale yale yanaweza kufika mara mbili, tena karibu kwa pamoja. Wasanidi wengi huandika msimbo unaouliza kwanza, "Risiti hii ipo?", na kama haipo, unaiingiza. Sasa nakala mbili za majibu zikiingia sekunde moja, ya kwanza inauliza, inaambiwa haipo. Ya pili inauliza kabla ya kwanza haijaandika, nayo inaambiwa haipo. Zote zinaandika. Shilingi 500 za mama zimekuwa 1,000, na hakuna kosa lolote lililoonekana kwenye skrini.

Kuongeza ukaguzi mwingine kwenye msimbo hakutoshi. Iambieni hifadhidata yenyewe kwamba safu ya namba ya risiti ni UNIQUE, yaani namba moja isiandikwe mara mbili. Hapo nakala ya pili inakataliwa mlangoni, hata msimbo wenu ukiwa na kasoro, hata yule kijana mtakayemwajiri mwakani akisahau. MongoDB nayo inaweza kuweka sharti hilo, sitaki kuisingizia. Tofauti inakuja kwenye mikopo.

Chama kina shilingi 20,000. Mwenyekiti yuko kwenye matatu, anaidhinisha mkopo wa 15,000. Katibu yuko nyumbani, wakati huo huo anaidhinisha mwingine wa 15,000. Kila ombi linasoma salio, linaona 20,000, linaridhika. Katika PostgreSQL mnafungua muamala, mnasoma mstari wa salio kwa amri ya SELECT ... FOR UPDATE, inayoufunga mstari huo, na ombi la pili linasubiri hadi la kwanza limalize. Likipata zamu linakuta 5,000 na linakataa. Kuandika mkopo na kupunguza salio vinafanyika pamoja au havifanyiki kabisa. MongoDB ilipata miamala inayogusa hati nyingi mwaka 2018, katika toleo la 4.0, lakini haifanyi kazi mpaka seva iwe imepangwa kama kundi la nakala (replica set), mpangilio wa seva zinazotunza data ile ile. Inawezekana hata kwa seva moja, ila ni kazi ya ziada ya kuiga kitu ambacho wenzake wanakupa tangu siku ya kwanza. Tena data yenu ni ya kuunganishwa: mkopo una mwanachama, mwanachama ana chama, faini ina mkutano. PostgreSQL itakataa mkopo wa mwanachama asiyekuwepo mkiiandikia sharti hilo mara moja.

Kuna jambo moja ambalo mwenzako ana haki nalo. Majibu ya malipo huja kama JSON, maandishi yenye majina na thamani zake, na ni vizuri kuyahifadhi yalivyo kwa ajili ya siku ya mabishano. PostgreSQL ina aina ya safu ya kuhifadhi JSON inayoitwa jsonb tangu 2014. Wekeni majibu mazima humo, kando ya safu za kawaida. Mtakuwa na majedwali na hati katika nyumba moja.

MySQL ikibaki ndiyo iliyopo, kwa mfano kwenye seva za kukodi kwa bei nafuu zenye cPanel (paneli ya kuendeshea tovuti), kagueni toleo. Kabla ya 8.0.16 ya mwaka 2019, ilipokea masharti ya CHECK (kama "kiasi kisiwe chini ya sifuri") kisha ikayapuuza kimyakimya, tabia ambayo mpaka leo sijaisamehe. Tumieni pia utf8mb4, mpangilio wa herufi unaobeba kila alama, hata emoji. SQLite ni nzuri sana kwa majaribio kwenye kompyuta zenu, lakini huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja.

Upande wowote mtakaokwenda, pesa zisiwekwe kwenye FLOAT, aina ya namba za desimali za kukadiria. Kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo hupata 0.30000000000000004, na riba za mikopo zitawatoa jasho. Tumieni NUMERIC, inayotunza desimali bila kukadiria, au hesabuni kwa senti kama namba kamili. Namba ya simu ni maandishi, si namba, la sivyo sifuri ya mbele inapotea. Na zote zigeuzwe zianze na 254 kabla ya kuhifadhiwa, kwa sababu mtu yule yule ataandika 07 leo na +254 kesho.

Programu na hifadhidata zikae jirani. Programu ikiwa Nairobi na hifadhidata Frankfurt, kila swali linakula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi. Ukurasa wenye maswali 30 unapita sekunde tatu. Kwenu, seva moja ibebe vyote viwili, na mlango 5432, ambao PostgreSQL husikilizia, msiufungue kwa intaneti nzima. Mnashika namba za vitambulisho na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inawahusu. Kila usiku pg_dump, programu inayokuja na PostgreSQL, itoe nakala rudufu, ipelekwe nje ya seva hiyo, na mara moja moja irudisheni kwenye kompyuta nyingine mwone kama inafunguka.

Kuhusu kuhama: kutoka MySQL kwenda PostgreSQL kuna programu huria ya pgloader, na mkiwa mmejenga kwa Django au Laravel, zana za kujengea mifumo ya wavuti, sehemu kubwa ya msimbo itabaki ilivyo. Kutoka MongoDB ni kazi nzito zaidi, kwa kuwa itabidi kwanza mgundue ni maumbo mangapi tofauti ya hati mmeandika bila kujua. Kama mwenzako ameshaanza, mwombe asimame hapo alipo kabla chama cha kwanza hakijaingiza mchango wake.